Siku Mjomba Alipoingia Ngomeni

Mjomba wangu kazaliwa Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, kakulia Langoni, na kwa zaidi ya miaka 60 amekunywa kahawa yake uwanjani Mkunguni, mlango wa Ngome ya Lamu ukimtazama. Ndani hajawahi kutia mguu. Nilipowasili kutoka Mombasa nikambusu mkono, nikamwambia kesho twende sote. Alinyamaza mpaka kikombe kikaisha.

"Ile ni jela, mwanangu."

Kweli ilikuwa jela, tangu 1910 hadi 1984. Watoto wa rika lake walikatazwa hata kuegemea ukuta. "Ndia hii tukipita mbio," akaniambia.

Asubuhi yake nikamkuta mlangoni, kanzu imepigwa pasi, kofia ya vito kichwani. Tukaingia.

Nilikuwa nimejitayarisha kumsimulia historia: vita vya Shela, watu wa kisiwa cha Pate na watawala Mazrui wa Mombasa walivyoshindwa, Waamu, yaani watu wa Lamu, wakaomba ulinzi wa Sayyid Said wa Omani, na ngome ikakamilika 1821. Hakunisikiliza. Mjomba ni mwashi, na mwashi husoma ukuta. Alipapasa lipu kwa kiganja, akaigonga kwa kifundo cha kidole, akatega sikio.

"Chokaa," akasema, na uso ukamkunjuka.

Baada ya wafungwa kuondoka, ngome ilikabidhiwa Makumbusho ya Taifa, ikakarabatiwa kwa msaada wa Sweden. Mjomba alikuwa na hofu ya miaka mingi kwamba waliipaka saruji. Nyumba ngapi za mtaa wa Mkomani ameziona zikiharibika hivyo! Jiwe la matumbawe hunyonya unyevu na chumvi, na chokaa huuachia unyevu utoke. Ukilifunika kwa saruji, maji hukwama ndani, na baada ya miaka michache lipu inabanduka vipande vipande pamoja na uso wa jiwe. Nami nimeliona hilo nyumbani kwa bibi, kwenye chumba nilichozaliwa, na bado linaniuma.

Akanionyesha boriti za mikoko darini. Urefu wa boriti ndio unaoamua upana wa chumba, ndiyo maana vyumba vya kale vya Lamu ni vyembamba na virefu. Miaka yote nimelala katika vyumba hivyo bila kujiuliza.

Juu, kwenye roshani inayozunguka ua, upepo wa bahari ulitupata. Chini walikuwa wakipanga viti vya harusi. Mbele yetu mapaa ya makuti na ya mabati, punda wamebeba mawe kuelekea Usita wa Mui, njia kuu ya mji, na ng'ambo ya maji, kisiwa cha Manda.

Mjomba alitazama ua ule kwa muda mrefu. "Hapa ndipo walipokuwa wakiketi?" akauliza kwa sauti ya chini. Nikamjibu nadhani ndipo. Akasoma Fatiha, mikono imefunguka, kisha akapangusa uso.

Tulipokuwa tukishuka, alimsimamisha mlinzi na kumuuliza ile chokaa ilichomwa wapi.