Meza ya vipimo, Langoni, Lamu: transfoma zimefungwa

Chaja ya betri ya boti niliyoletewa bado iko wazi mezani, na osiloskopu, kifaa kinachoonyesha wimbi la umeme kwenye skrini, sijaigusisha makusudi. Nilitaka meza iwe salama kwanza.

Hatari kubwa iko kwenye klipu nyeusi ya probu, yaani waya wa kupimia wa osiloskopu. Osiloskopu nyingi za mezani, klipu ile imeungana moja kwa moja na pini ya athi ya plagi, inayokwenda ardhini. Chaja nayo inapokea 240 V za ukutani, zinapita kwenye daraja la daiodi na kuwa DC ya karibu 340 V kwenye kapasita kubwa inayohifadhi umeme. Upande hasi wa kapasita hiyo mafundi huuita graundi, lakini katika nusu moja ya kila wimbi daiodi huuunganisha na laivu, waya wenye umeme. Bana klipu pale, na laivu imepata njia ya kwenda athi kupitia waya mwembamba wa probu. Daiodi hupasuka, ncha ya klipu huyeyuka, na vidole vyako viko papo hapo.

Wako wanaokata pini ya athi ya osiloskopu ili "iache kupiga shoti". Silikubali hilo hata kidogo. Laivu itahamia kwenye vyuma vya osiloskopu yenyewe, na kwa joto la Lamu mikono haikauki jasho.

Nimechukua transfoma mbili za aina moja, 240 kwa 24, nikaziunga upande wa 24 kwa 24. Zinatoa pungufu kidogo ya 240, bila uhusiano na athi. Chaja inakula hapo. Osiloskopu inabaki na athi yake.

Kijana ninayemfundisha akauliza, "Mjomba, sasa hata nikiishika hainipigi?"

"Itakupiga, mwanangu. Ukishika nyaya mbili, itakupiga. Na klipu ikishabanwa, chaja imepata athi tena, kwa hiyo waya mmoja na sakafu vinatosha. RCD ya ukutani, swichi inayokata umeme unapovujia athi, haitakata, maana haiuoni umeme wa upande huu."

Alinyamaza, kisha akatia mkono wa kushoto mfukoni bila kuambiwa.

Kapasita ni ya mikrofaradi 220. Kwa 340 V inabeba karibu jouli 13 hata plagi ikishachomolewa. Tunaimwaga kwa rezista ya omu 2,200, wati 10, iliyofungwa kwenye vishikio vya plastiki. Sekunde 3 zinatosha, lakini mita ndiyo inayoamua: chini ya volti 5 ndipo mkono unaingia.

Mita yenyewe ni ya daraja la usalama CAT III 600 V, fyuzi zake za kauri zenye mchanga ndani. Kabla ya kila kipimo cha volti natazama waya mwekundu usiwe kwenye tundu la 10 A, kwani hapo mita ni shoti tupu.

Kilichobaki ni wimbi la transista kuu. Pale volti zinaweza kupita 600, na probu yangu ya ×10, inayopunguza volti mara kumi, mwisho wake ni 600. Nimeagiza ya ×100 kutoka Mombasa. Mpaka ifike, kifuniko cha chaja kimerudishwa na skrubu zote zimekazwa.