Pesa hazikuisha zenyewe

Mwaka 2018 nilipoingia chuoni Mombasa, nilipanga chumba Tudor na mwanafunzi mwenzangu. Kwetu ni Msambweni, kusini mwa Mombasa, ng'ambo ya kivuko. Mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya Kenya inayokopesha wanafunzi wa elimu ya juu, ulipotoka, karo ilikwenda moja kwa moja chuoni, na za matumizi, shilingi 20,000, zikaingia kwenye akaunti yangu. Sikuwa nimewahi kushika pesa nyingi hivyo.

Wiki ya sita nilikuwa nakula mahamri ya kukopa. Viatu vilikuwamo, simu mpya ilikuwamo, na jioni nyingi mno za mishkaki na madafu kule ufukweni Mama Ngina. Nikampigia mamangu.

"Shikamoo mama. Pesa zimekwisha."

Akanyamaza kidogo. "Zimekwisha zenyewe, mwanangu?"

Alinitumia 1,000, pesa za makuti aliyoshona kwa mikono yake. Hakunigombeza. Lakini swali lake halikuniachia usingizi, nikaanza kujisikiliza ninavyosema. Kwa mwalimu: kazi imechelewa. Kwa mwenye nyumba: kodi imekwama. Kwa mwenzangu: maji yamekwisha, na zamu ya kununua mitungi ilikuwa yangu. Mambo yanachelewa, yanakwama, yanakwisha, na mimi simo. Nilikuwa nimejificha humo tangu utotoni: sahani imevunjika, ufunguo umepotea.

Jumamosi moja nikashuka hadi kivukoni Likoni. Kivuko hakitozi wanaovuka kwa miguu, kwa hiyo nauli niliyokuwa nayo ilinitosha kutoka ng'ambo hadi nyumbani. Nikaketi na mama uani nikamwambia: "Nimezimaliza mimi. Nilinunua simu na viatu, nyingine nikazila." Nilitetemeka. Yeye aliendelea kushona makuti, kisha akaniuliza kodi ni kiasi gani, maji kiasi gani, chakula kiasi gani. Sikujua hata kimoja kwa uhakika. Hilo ndilo lililoniuma kuliko kuomba pesa, kwa sababu mkopo ule nitaulipa mimi, na riba juu yake.

Muhula wa pili, siku pesa zilipoingia, sikulala nazo. Fungu langu la kodi lilikuwa 2,500 kwa mwezi. Nikalipa miezi minne kwa mpigo, 10,000. Mwenye nyumba alishangaa, akaniandikia risiti. Zilizobaki nikazigawa: 600 kwa wiki, wiki 15, na 1,000 ya dharura. Chakula tulinunua soko la Kongowea alfajiri, mchele na maharagwe ya kutosha wiki nzima, mimi na mwenzangu tukichanga. Kupika maharagwe kila baada ya siku mbili kunachosha, lakini kuomba kulinichosha zaidi.

Kuna wiki nilipitiliza. Sikumficha mwenzangu, nilimwambia nimepitiliza, na wiki iliyofuata nikala kwa 500. Kwa mwalimu nako, nilipokawia na kazi nyingine, nilisema nimechelewa kuianza. Alikata alama alizopaswa kukata. Sikulalamika.

Wiki ya 11 ilipokwisha, mama alipiga simu. Baada ya salamu akauliza, "Umebakisha ngapi?"

"Nimebakisha 3,100, na wiki nne," nikamjibu. "Dharura nimetoa 300, nilinunua dawa."

"Haya," akasema, kisha akaanza kunieleza bei ya samaki ilivyopanda.