“Hiyo si saa yangu”

Katika kazi yangu hakuna siku ninayoiogopa kama siku ya kumwonyesha mtu filamu yake mwenyewe. Kusimama mbele ya wafadhili nimeshazoea. Onyesho la kwanza nalo, ukumbi ukiwa umejaa, halinikoseshi usingizi, maana watu wa ukumbini hawanijui na wakichoka watatoka. Lakini yule niliyemfuata na kamera mwaka na ushei, aliyenifungulia mlango asubuhi akiwa hata hajanawa uso, huyo akikaa kutazama mimi hujiweka nyuma yake kidogo, upande, nilione shavu lake. Skrini siiangalii. Nimeshaitazama mpaka imenikinai.

Wiki tatu zilizopita ilikuwa zamu ya Fundi.

Fundi anatengeneza saa, na hajawahi kufanya kazi nyingine. Chumba chake ni kimoja, meza imesukumwa hadi dirishani, na ukutani zimetundikwa saa 31. Nilizihesabu siku ya kwanza kwa sababu siku hiyo nilivaa hedifoni, na nilichokisikia kilinitoa jasho.

Kamera mimi niliijia ukubwani. Miaka sita ya mwanzo nilikuwa mshika maiki, yule mtu anayesimama pembeni na fimbo ndefu juu ya kichwa, mikono inawaka moto, na ambaye hakuna anayemkumbuka hadi sauti ikiharibika. Katikati ya kazi hizo nilirekodi harusi nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Kwa hiyo nikiingia mahali, wenzangu hutafuta mwanga unatokea wapi. Mimi hutafuta friji. Friji linavuma, na likijizima katikati ya mazungumzo huwezi tena kuunganisha sentensi ya mwanzo na ya mwisho bila masikio ya mtazamaji kushtuka. Hajui kilichomshtua, ila ameshtuka.

Sasa fikiria saa 31.

Mtu akikusimulia jambo kwa dakika kumi, kwenye filamu utatumia labda dakika moja na nusu. Unakata “eeh”, unakata pale aliporudia, unaruka simu ilipolia. Picha ina maficho yake: unaweka mkono, unaweka dirisha, hakuna atakayeona kovu. Sauti ya saa haina maficho. Ukikata katikati, tik inafuatana na tik nyingine mapema mno, au inachelewa, na sikio la binadamu kwa mapigo ni kali ajabu. Saa yenye pendulumu ya karibu mita moja hupiga mara moja kwa sekunde. Saa nyingi za mkono za kizamani hupiga mara 18,000 kwa saa, yaani 5 kwa sekunde. Kati ya hizo mbili kuna za mezani, za kengele, za betri. Zote kwa pamoja zinanyesha kama mvua juu ya bati, na mvua hiyo huwezi kuikata.

Nilimwomba azisimamishe kwa saa moja tu. Alinitazama kama niliyemwomba daktari awaondoe wagonjwa wodini ili nipige picha ya vitanda.

“Hizi ziko kwenye majaribio,” alisema. “Saa ikishatengenezwa inatundikwa siku kadhaa nijue inapoteza dakika ngapi. Nikiisimamisha kwa ajili yako, naanza kuhesabu upya.”

Basi. Miezi 14 nilirekodi ndani ya mvua hiyo. Nilimbandika maiki ndogo kifuani, chini ya kola, na kila tulipomaliza nilimwomba sote tunyamaze dakika mbili ili ninase ukimya wa chumba. (Huo hatuuachi kamwe. Kila chumba kina ukimya wake, na ndio tunaotumia kuzibia matundu baada ya kukata.) Ukimya wa kwa Fundi, bila shaka, ulikuwa saa 31.

Wakati wa kuhariri nilishindwa. Nilipitisha sauti yake kwenye programu ya kusafisha hadi saa zikafifia kabisa, kisha chumba kikawa kimekufa, kama anaongea ndani ya kabati. Ikabidi nirudishe uhai. Nilikuwa na rekodi ya tik-tik ya saa ya kengele, safi, niliyoinasa zamani kwa kazi nyingine. Nikaitandika chini ya mazungumzo yote, ikaenda vizuri, nikajipongeza. Ndiyo dawa iliyo kwenye rasimu niliyompelekea.

Lakini nilipokuwa njiani kwenda kwake sikuwa nikiwaza saa. Nilikuwa nawaza mikono.

Mikono ya Fundi inatetemeka. Mwanzoni ilikuwa kidogo, mwisho wa miezi ile 14 ilikuwa sana, na kamera imeona safari yote. Kuna picha moja ya karibu ambayo kwangu ndiyo filamu yenyewe. Ana kioo cha kukuza amekibana jichoni, kibano mkononi, na kwenye ncha ya kibano kuna skrubu ndogo kuliko punje ya ufuta. Tundu lake liko mbele yake. Mkono unakwenda, unatetemeka, unakosa. Anaurudisha, anaegemeza kifundo kwenye ukingo wa meza, anashusha pumzi yote na hapumui tena. Anausubiri mtetemo kama mtu anayesubiri gari lipite ndipo avuke. Halafu anashusha. Inaingia. Haonyeshi furaha yoyote, anachukua bisibisi.

Kisheria sikuwa na haja ya kumwuliza. Fomu ya ridhaa alitia sahihi siku ya pili, juu ya goti, bila kuisoma, na ile fomu inaniruhusu kila kitu. Nimeandika fomu za aina hiyo nyingi na ninajua zinamlinda nani. Mtu anakubali mwezi wa kwanza, wakati hajui utaona nini na wewe mwenyewe hujui. Halafu unaona. Sasa ruhusa ya siku ile inahusu nini hasa?

Kuwaonyesha wenye picha kazi yao si jambo langu la kubuni. Robert Flaherty, ambaye filamu yake ya 1922 kuhusu familia ya Wainuit, wenyeji wa kaskazini ya mbali ya Kanada, ndiyo wengi huanzia wakisimulia historia ya dokumentari, aliosha filamu kule kule barafuni na kuwawekea projekta waione. Alipanga na kuigizisha mengi mno, hilo linajulikana, hata nyumba ya barafu ilijengwa nusu ili mwanga uingie. Lakini kuonyesha alionyesha. Ninayemrudia zaidi ni Mfaransa Jean Rouch. Mwaka 1951 alipiga filamu ya wawindaji wa kiboko kwenye mto Niger, na kwenye sehemu ya mawindo akaweka muziki wa kwao wenyewe, wimbo wa kuwatia wawindaji ari. Miaka michache baadaye akawarudia na projekta. Walitazama, wakaomba warudishiwe tena, kisha wakaanza kumsahihisha. Muziki huo unafanya nini hapo? Kiboko akisikia si atakimbia? Mawindo ni kimya. Rouch akautoa.

Kisa hicho nimekuwa nikiwasimulia vijana wanaoanza kazi, kwa sauti ya mtu ambaye asingeweza kufanya kosa kama hilo. Unaona ninakoelekea.

Fundi alisogeza vifaa, nikaweka laptopu juu ya meza yake, nikakaa mahali pangu pa kuliona shavu. Dakika ya nne akainua kidole.

“Simamisha.”

Nikasimamisha.

“Rudisha nyuma.”

Nikarudisha. Nikagundua kwamba haangalii. Ameinamisha kichwa, sikio moja kuelekea spika, kama anavyofanya akiletewa saa mgonjwa.

“Hiyo si saa yangu.”

Nikamwambia ni sauti tu, ya kujaza. Akanyoosha mkono ukutani, kwenye saa kubwa ya pendulumu ambayo kwenye picha iko nyuma ya bega lake, inaonekana vizuri, inakwenda na kurudi. “Hii inakwenda taak... taak. Uliyoiweka inakimbia kama imefukuzwa. Mtu anayejua saa akiangalia hapa atasema, Fundi ametundika saa mbovu kichwani pake na hata haisikii.”

Nilikuwa nimeitazama picha ile mara mia, pendulumu inacheza mbele ya macho yangu, na miaka yangu sita ya maiki, na sikuona. Niliona aibu ambayo sikuwa nimeipata tangu nilipodondosha fimbo juu ya bwana harusi.

Tukaendelea. Dakika ya 22, mikono. Nikashusha macho kwenye mapaja yake: mkono wa kulia alikuwa ameushika kwa wa kushoto. Picha ikapita yote, skrubu ikaingia. Kimya, yaani saa 31.

“Hapo nimekosa mara ngapi?”

“Mara moja, Fundi.”

“Siku ile nilikosa mara tatu. Nakumbuka, ilikuwa ile saa ya mama wa watu aliyokuwa akiidai.” Akaifunga laptopu nusu, akanigeukia. “Mbona umenipunguzia?”

Ni kweli, nilimpunguzia. Mara tatu ilikuwa inaumiza kutazama. Nilijiambia ni suala la mwendo, eti picha inazidi urefu, na mwendo ndiyo kisingizio ambacho mhariri hakosi. Ukweli ni kwamba nilimwonea huruma, na huruma yangu ilikuwa imebadilisha idadi. Sikuwa na jibu, naye hakulisubiri. Alisema tu nikirudisha zile mbili, watu watajua kazi ile ina ugumu gani, kisha akataka kuona zilizobaki.

Jioni binti yake akanipigia. Alikuwa ameambiwa. Aliniomba kwa adabu niitoe mikono yote, si kupunguza, kuitoa. Wateja wakiona watapeleka saa zao kwingine, na pale ndipo baba anapopatia riziki. Nikamwambia baba mwenyewe ameridhia, tena amesema niongeze. Akanyamaza kidogo.

“Baba siku hizi anaridhia kila kitu,” akasema. “Wewe ndiye umekuwa ukija kila wiki. Hukuliona hilo?”

Nimelala na sentensi hiyo usiku mwingi. Kwenye mstari wa kuhariri sasa hivi skrubu inakosa mara tatu, kama ilivyokuwa. Filamu haijafungwa. Tumepanga kuitazama sote watatu mwisho wa mwezi, na binti amekubali kuja, ingawa amesema haji kunifurahisha. Siku hiyo nitakaa wapi, sijui. Mashavu yatakuwa mawili.

Kwanza, lakini, ilibidi nirudi kwa ajili ya ile saa ya ukutani. Nilimweleza ninachotaka: sauti yake peke yake, dakika mbili, ili nimwekee saa yake mwenyewe. Nilijua jibu. Nilikuwa nimejiandaa kuweka maiki ndani kabisa ya kisanduku cha saa na kumwomba Mungu.

Fundi akasimama. Akaanza upande wa mlango. Za pendulumu alizishika kwa kidole, moja moja, hadi zikatulia. Za betri akazitoa betri na kuzipanga mezani kwa mpangilio ule ule wa ukutani. Saa za kengele alizifunga kwenye blanketi, akazipeleka chumba cha nyuma na kufunga mlango. Saa yake ya mkono akaivua, akaitia kwenye blanketi hilo hilo. Kazi hiyo ilichukua karibu nusu saa, na kila moja iliyonyamaza niliisikia ikiondoka kwenye hedifoni, kama watu wanaoaga mmoja mmoja hadi unagundua kumbe chumba ni kikubwa.

Ikabaki ile moja. Taak. Taak.

Tulikaa. Dakika moja. Nilisikia pendulumu ikisugua hewa, kitu ambacho sikujua kinasikika. Nilimsikia Fundi akimeza mate. Kabla dakika ya pili haijaisha alikuwa ameshaanza kuhangaika kwenye kiti, na nilipomwashiria tayari, hakungoja hata nivue hedifoni. Alikwenda kwenye saa ya karibu na mlango, akaweka kidole chini ya pendulumu, kidole kikitetemeka, akaisukuma. Akasikiliza. Akaenda ya pili.

Kinasa sauti nilikuwa sijakizima.