Faneli juu ya bureti

Juzi binti mmoja wa kidato cha tatu alirudi tena ofisini kwangu. Safari hii hakukataa kukaa. Alivuta kiti, akanyoosha sketi yake, akasema hata kabla sijamwuliza: "Mwalimu, nilikuwa na hasira tu."

Kwa kawaida hapo naanza na maswali yangu. Lakini hilo neno, pamoja na "tu" yake ya mwisho, lilinibeba mpaka Iringa, Julai ya mwaka 2001, meza ya tatu kutoka mlangoni kwenye maabara ya shule yetu ya bweni. Kidato cha nne, mtihani wa utamilifu, kemia kwa vitendo.

Usiku wa kuamkia siku ile nililala kwa muda wa saa tatu hivi tu. Asubuhi foleni ya uji ilikuwa ndefu, na baridi ya kule kwa mwezi wa saba mnaijua, nikaona heri nikapitie fomyula zangu. Nayataja haya mwanzoni kwa sababu mpaka leo mwanafunzi akinijia na "hasira," namwuliza kwanza alilala saa ngapi na alikula nini. Swali la nani kamkosea linangoja. Mwili wenye njaa na usingizi unakuwa umeshafika nusu ya safari ya kufoka kabla mtu hajasema lolote, na ukianza kuchimba ugomvi bila kujua hilo utachimba pasipo na kitu.

Swali la kwanza lilikuwa taitresheni, yaani kupima ni asidi kiasi gani inayotosha kuimaliza nguvu besi, kimiminika kilicho kinyume chake. Asidi inakaa kwenye bureti ya sentimita za ujazo 50, mrija mrefu wa kioo wenye alama za vipimo na koki chini. Besi unaivuta kwa pipeti, sentimita za ujazo 25, unaimwaga kwenye flaski na kudondoshea matone mawili ya MO, yaani methyl orange, ile inayobadili rangi asidi ikitosha, na besi inakuwa ya njano. Mkono wa kushoto uko kwenye koki, wa kulia unazungusha flaski juu ya kigae cheupe. Kila tone linapoanguka linaacha doa la waridi linalopotea. Madoa yakianza kuchelewa kupotea, unapunguza koki mpaka tone moja moja. Rangi ikiwa ya chungwa, unafunga. Ikiwa ya waridi moja kwa moja, umepitiliza na unaanza upya. Unafanya mara moja ya kukisia, ile tuliyoiita pailoti, halafu mara tatu za kweli, na asidi iliyotumika katika hizo tatu inatakiwa isipishane kwa zaidi ya sentimita za ujazo 0.20.

Pailoti yangu ilikuwa 24.70. Ya kwanza 24.30. Ya pili 24.00.

Zilikuwa zinashuka, na sikujua kwa nini. Nakumbuka vizuri jinsi dunia ilivyojikusanya ikawa ile safu ya tarakimu kwenye karatasi yangu. Sauti za maji kwenye masinki zilipotea. Vidole vilikuwa vya baridi, na nilidhani ni baridi ya Iringa. Sehemu yake ilikuwa hiyo kweli, lakini mtu akiingiwa na hofu, adrenalini, homoni ya hatari, huibana mishipa midogo ya ngozi, damu ikaenda kwenye misuli mikubwa, na vidole ndivyo vya kwanza kupungukiwa. Kwa kazi ya kukimbia simba huo ni mpango mzuri. Kwa kazi ya kufunga koki kwenye tone moja, ni balaa.

Nikatupa jicho kwenye karatasi ya mwenzangu wa kushoto. Rafiki yangu, tuliyekuwa tukilala kitanda kimoja cha ghorofa, yeye juu mimi chini. Alikuwa amerudia kidato cha pili, ndipo akatukuta. Karatasi yake ilikuwa na 24.50 na 24.40, na ya tatu alikuwa anaimalizia taratibu, kama mtu anayemimina chai ya wageni.

Nikaanza ya tatu yangu. Nilipofika kwenye matone ya mwisho, kiwiko changu kikaguswa. Sikugeuka. Kikaguswa tena, kwa nguvu kidogo. Koki ikateleza na flaski ikawa ya waridi.

Niligeuka nikamwambia kwa sauti ya chini, neno kwa neno, kama mtu anayesoma imla: "Wewe umezoea kufeli. Mimi sijazoea."

Hakujibu. Aliurudisha mkono wake, akaufuta kwenye sketi, kiganja kisha mgongo wa mkono, ingawa haukuwa umelowa. Akaigeukia bureti yake.

Mimi nikabaki na flaski ya waridi. Sijui ilipita dakika ngapi. Nilishtushwa na mzee wa maabara, yule aliyekuwa akituandalia vifaa. Hakuwa msimamizi wa mtihani, alikuwa akipita na galoni la maji. Akasimama kando ya meza, macho yake hayako kwenye karatasi yangu, akasema polepole: "Mwanangu, visigino."

Nikatazama chini. Nilikuwa nimesimama kwa vidole vya miguu. Miguu yote miwili, visigino viko hewani, misuli ya nyuma ya miguu imekaza kama kamba ya ndoo kisimani. Sikuwa na habari kabisa.

"Vishushe."

Nikavishusha. Alingoja mpaka vikagusa saruji, halafu akaenda zake na galoni lake.

Visigino vilipofika chini, pumzi ilitoka. Nilikuwa nimeibana na hilo pia sikulijua. Ilitoka ndefu, ikaingia fupi, ikatoka ndefu tena. Leo naweza kueleza kilichotokea: pumzi inapotoka polepole, neva ya vagasi, inayotoka ubongoni kwenda moyoni, huyapunguza mapigo ya moyo, na inapoingia mapigo huongezeka kidogo. Ndiyo maana wanafunzi wangu nawafundisha kuvuta kwa hesabu ya nne na kutoa kwa hesabu ya sita, dakika mbili hivi, huku nyayo zote ziko sakafuni. Wengi hukosea hapohapo kwenye kuvuta. Wakisikia "pumua" wanajaza kifua kama wanataka kupiga mbizi, tena na tena, mpaka kichwa kinawazunguka na midomo inakufa ganzi, kwa kuwa wanatoa kaboni dayoksaidi nyingi kuliko inavyotakiwa. Halafu wanasema zoezi halifai. Kinachotuliza ni ule utoaji. Uvutaji uachwe uwe mdogo.

Nilipoinua macho kutoka sakafuni, yalipanda na bureti kutoka kwenye koki kwenda juu, na ndipo nikaiona faneli.

Ilikuwa ya plastiki ya kijani, imekaa mdomoni mwa bureti pale nilipoitumia kujazia asidi. Kwenye ncha ya shina lake palikuwa na tone. Lilikuwa linanenepa. Nikalitazama likinenepa mpaka likaachia, likaanguka ndani, na likafuatwa na jingine lililoanza kujikusanya palepale. Kila mwanafunzi wa kemia anafundishwa: ukishajaza, toa faneli kabla ya kusoma kipimo cha kuanzia. Usipoitoa, asidi iliyoshikilia kwenye kuta zake inaendelea kudondoka, inaongeza kimiminika ambacho hukukihesabu, na jibu lako linakuja dogo kuliko ukweli. Ndiyo maana zangu zilikuwa zinashuka. Nilikuwa nimesimama mbele ya kitu cha kijani chenye ukubwa wa ngumi kwa karibu saa nzima, na sikukiona.

Na yeye alikiona. Kusema haruhusiwi kwenye mtihani, akanigusa kiwiko.

Yaliyobaki ya mtihani ule hayana maana. Niliitoa faneli, nikarudia, nikapata 24.50 na 24.40, nikakosa muda wa kumaliza swali la pili.

Jioni nilimfuata bombani, alikuwa anafua soksi. Nikamwambia, "Samahani, nilikuwa na hasira." Aliikamua ile soksi mpaka maji yakaisha, akaitundika, akasema bila kupandisha sauti: "Hasira naijua mimi. Ile haikuwa hasira." Akachukua ndoo yake akaenda bwenini.

Usiku huo alilala juu na mimi chini kama kawaida, na asubuhi tulisalimiana. Hatukulizungumza tena. Lakini maneno yake yalinikaa. Kama haikuwa hasira, ilikuwa nini?

Nilianza kutafuta kwa njia pekee niliyoijua, kwenye kamusi ya maktaba, nikiandika nyuma ya daftari la Kiswahili. Nilishangaa jinsi tulivyojaliwa maneno na jinsi tunavyoyaacha yakilala. Tunasema hasira kwa kila kitu, wakati lugha ina kinyongo, kile kinachobaki moyoni baada ya hasira kupoa, na hamaki, ile inayowaka ghafla na kuzimika. Ina soni, na ina fedheha inayotaka watu wawe wanatazama. Ina kiwewe, pale akili inapotawanyika usijue pa kushika, na ina kimuyemuye, wasiwasi wa kutotulia. Yote haya mwanafunzi mmoja anaweza kuyapitia kati ya kengele ya kuamka na ya chakula cha mchana, na yote akayaita hasira.

Baadaye, chuoni, ndipo nikajua kwamba jambo hili lina watafiti wake. Peter Salovey na John Mayer waliandika kuhusu akili ya hisia mwaka 1990, na walichoweka mbele ni uwezo wa kutambua hisia, yako na ya mwenzako, na kuitumia katika kufikiri na kutenda. Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake huko Los Angeles walionyesha watu picha za nyuso zenye hisia huku wakiupima ubongo wao. Walipotakiwa kuchagua neno la ile hisia, amigdala zao, sehemu inayohusika sana na kuhisi hatari, zilitulia zaidi kuliko walipopewa kazi nyingine. Nilipoisoma kazi ile nilimkumbuka yeye na ndoo yake.

Ule ukurasa wa nyuma wa daftari ndio ninaowapa wanafunzi mpaka leo, nimeuchonga tu. Una safu tano: saa, kilichotokea, mwili, neno, na nilichotaka kufanya. Safu ya mwili inajazwa kabla ya ile ya neno, sibadilishi mpangilio huo, kwa sababu ukianza na neno mtu ataandika lile alilolizoea. Mwili hauna mazoea ya kudanganya namna hiyo: taya, tumbo, vidole, visigino. Kwenye safu ya neno hawaruhusiwi kuandika sentensi yenye mtu mwingine ndani yake. "Kanidharau" ni habari ya yule mwenzio, haijasema wewe ulihisi nini. Na wakiandika "hasira," nawaomba waiache hapo, waongeze neno la pili chini yake. Hilo la pili ndilo linalotoka kwa shida. Usiandike palepale ugomvi unapowaka. Kotisoli, homoni ya msongo, hufika kileleni kama dakika 20 hadi 30 baada ya tukio, na karatasi ya wakati huo inakuwa barua ya mashtaka. Usingoje mpaka kesho yake pia, maana usiku ukipita unakuwa umeshajitungia sababu nzuri. Baada ya saa moja, kabla ya kulala, ndiyo nafasi yenyewe.

Langu la pili lilinichukua muda mrefu kuliko dakika 30. Kwanza nikaandika woga, na ulikuwepo. Kisha soni. Ilikuwa miezi baadaye, mitihani ya taifa imeshapita na niko nyumbani, nilipoirudia siku ile tangu mwanzo, nikaiona tena ile karatasi yake, 24.50 na 24.40, na mkono wake uliotulia. Nikaandika kijicho. Nililiandika kwa herufi ndogo sana. Yeye aliyerudia darasa, niliyekuwa namfundisha hesabu za moli usiku kwa tochi, alikuwa anafanya vizuri kuliko mimi, na sikuweza kulivumilia hilo. Ndipo ikanijia kwamba yeye aliliona siku ileile, pale bombani, akanisitiri kwa kutolitaja.

Tulionana mara moja tu baada ya shule, stendi ya Ubungo, mwaka 2009. Alikuwa na mtoto mgongoni na mfuko wa mchele. Tulikumbatiana, tukaulizana habari za wazazi. Neno lilikuwa ulimini. Mpiga debe akaita basi lake, nikambebea mfuko mpaka mlangoni, akapanda. Sijui kama alihitaji kulisikia. Inawezekana nilitaka kulisema kwa faida yangu mwenyewe, na hilo nalo sijalipatia neno.

Binti wa juzi nilimpa karatasi yenye safu tano. Akajaza saa. Akajaza kilichotokea, na ni kuhusu rafiki yake, kama mlivyokwisha kisia. Kwenye mwili aliandika "koo." Kwenye neno akaandika hasira, akainua kichwa.

"Mwalimu, na kama la pili ni baya?"

"Liandike tu, mwanangu."

Akaukinga ukurasa kwa kiganja, kama wanavyofanya kwenye mtihani asije mtu akachungulia, akaandika. Kengele ya kipindi cha tano ikalia. Aliikunja ile karatasi mara nne, akaitia mfukoni, akaniaga. Sijaliona neno lake.