Buibui Niliyemfukua

Nilikuwa na miaka 12 nilipomfukua buibui aliyezikwa hai.

Mzikaji alikuwa nyigu mweusi, mabawa rangi ya kutu, miguu mirefu yenye miiba midogo, vipapasio vimejikunja kama mkia wa kinyonga. Alikuwa akimburuta buibui kinyumenyume, akimwacha kila mara kwenda kulikagua shimo lake. Alipomwingiza alikawia ndani, akatoka peke yake, akaanza kufukia na kuushindilia udongo kwa ncha ya tumbo, upesi upesi, mithili ya mtu atwangaye.

Aliporuka tu, nikachukua kijiti. Shimo halikuzidi urefu wa kidole changu. Buibui, mdogo kiasi, alilala miguu imelegea, na ubavuni mwa tumbo lake limebandikwa yai moja jeupe, dogo kuliko punje ya mchele. Nilidhani nimeokota maiti. Dada yangu akamgusa kwa unyoya, ncha ya mguu ikacheza.

“Wewe! Huyu mzima!”

Tulimtia kwenye chupa pamoja na udongo wake. Sumu ya nyigu huyu hupooza, haiui, maana maiti ingeoza kabla mtoto hajashiba. Yai likaangua buu lisilo na miguu, likang'ang'ania palepale lilipotagwa na kumfyonza buibui taratibu. Lilianza na visivyo vya lazima. Moyo na neva likaviacha hadi mwisho. Nakiri sikumhurumia buibui hata kidogo. Kila nikiamka nilikimbilia chupa kuona tumbo limenywea kiasi gani. Buu liliponenepa, likabakiza vipande vya miguu, likajifuma ndani ya kifuko cha hariri.

Siku hizi najua nyigu hao ni wa familia ya Pompilidae, yenye spishi zipatazo 5,000, na kwamba wengine humkata buibui miguu ili abebeke. Najua pia kuhusu Evagetes, ambaye hufukua shimo la nyigu mwenziwe, akala yai lililomo na kutaga lake. Huyo nilipomsoma nilicheka, nikakikumbuka kijiti changu.

Baada ya majuma kadhaa tulisikia mkwaruzo ndani ya chupa. Nyigu mwembamba alikuwa akipanda kioo. Nilirudi nyuma, kwa kuwa nilikuwa nimeshaonywa kwamba mchomo wao ni mkali mno. Dada hakuniuliza. Alifungua kifuniko, akaingiza mkono.

“Dada, atakuchoma!”

Nyigu akapanda kidoleni, akatembea hadi kwenye kifundo, akasimama akipepesa mabawa, kisha akaenda zake. Dada akaniringia mwezi mzima.

Ilinichukua miaka kujua kwamba mwiba ule ni kiungo cha kutagia kilichogeuka silaha, hivyo majike pekee ndio wenye nao. Na mama hutaga yai lisilorutubishwa, la dume, mara nyingi juu ya buibui mdogo. Vipapasio vya yule aliyetembea mkononi mwa dada vilikuwa vimenyooka.