Mbele ya Nyumba Yako

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Wiki hii nilikusudia tuendelee na Waefeso pale tulipoishia. Tutarudi. Kuna jambo limenikaa kooni tangu Jumanne, na nikilimeza nitakuwa nawafundisha mengine huku moyo uko kwingine.

Wengi wenu mnaikumbuka siku ile ya kupanda miti, mvua zilipoanza. Tulitoka na fulana zetu, tukaimba, na mimi ndiye niliyepewa kuomba. Niliomba vizuri, nisiwafiche. Nilinukuu Mwanzo 2:15, kwamba Bwana Mungu alimtwaa mtu akamweka katika bustani ya Edeni, ailime na kuitunza, na mlisema amina kwa sauti. Kisha nikapanda mche wangu kando ya njia, hatua chache kutoka getini kwangu. Picha ikapigwa, nikanawa mikono, nikakimbilia kikao.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikipita pale kila siku kwa gari, vioo vimefungwa. Jumanne gari lilikuwa gereji, nikapita kwa miguu. Mche umekauka. Nikasimama nikatikisa kichwa, nikawa nalilaumu jua. Kuna mama mmoja jirani yetu ambaye huwa namwona asubuhi na ndoo, akanikuta hapo. Akainama, akaushika mche kwa vidole viwili, akauvuta. Ukatoka mzima kama karoti, udongo umeshikamana, umevaa kiriba chake. Ile plastiki nyeusi ya kitaluni ilikuwa bado imeukaza. Mizizi ilikuwa imezunguka humo ndani, imejisokota kama uzi kwenye kibiringo, na mmoja mwembamba ulikuwa umejaribu kutokea kwenye tundu la chini ukafia hapo hapo.

“Baba,” akaniambia, wala hakuwa mkali, “huu haukupandwa. Huu ulizikwa.”

Sikuwa na la kujibu. Nilikuwa nimeomba mbele ya watu mia na zaidi, na sikujua kwamba kiriba huchanwa na kutolewa kabla mche haujaingia shimoni. Au nilijua, ila nilikuwa na haraka. Ukweli ni huo wa pili.

Nimeubeba mche ule hadi nyumbani. Uko mezani ninapoandika.

Maandiko yanataja kazi mbili pale bustanini: kulima na kutunza. Ya kwanza ina siku yake, ina fulana, ina mgeni rasmi. Ya pili haina hata jina la kuitwa. Yule mama anatunza miti 11 katika safu ile, nimehesabu. Maji ya mwisho ya kusuuzia nguo hayamwagi, huyabeba hadi mitini. Ameizungushia majani makavu chini ili udongo usikauke upesi. Miiba ameiweka kuzuia mbuzi. Hasali kwetu. Sijui kama alikuwepo siku ile tulipoimba, ila najua hakuwa kwenye picha.

Basi usiku huo nikafungua Nehemia sura ya 3, pale watu wanapoujenga upya ukuta wa Yerusalemu uliobomolewa na kuchomwa moto. Ni sura ambayo wengi wetu tukiifikia tunairuka, kwa sababu ni majina matupu: fulani mwana wa fulani akajenga, na baada yake fulani akajenga. Nimeisoma mara tatu wiki hii, na kila mara inanishika pengine.

Angalieni waliokuwa pale. Yuko mfua dhahabu. Yuko mtengeneza manukato. Yuko Shalumu, yeye na binti zake. Hawa si mafundi wa mawe. Yule wa manukato mikono yake ilizoea mafuta na viungo vizuri, sasa imeshika jiwe lililoungua. Na angalieni walikojenga: Yedaya mbele ya nyumba yake, Benyamini na Hashubu mbele ya nyumba yao, makuhani kila mtu mbele ya nyumba yake. Meshulamu alijenga mbele ya chumba chake. Ninavyosoma mimi, huyu pengine hata nyumba hakuwa nayo, alikuwa na chumba tu, lakini kile kipande cha ukuta kilichokuwa mbele ya chumba chake akakijenga. Ukuta wa Yerusalemu ulisimama kwa siku 52 kwa sababu hakuna aliyeuliza ukuta wote ni wa nani.

Wapendwa, mnajua tunavyoomba. Tunaombea mataifa, tunaombea mabadiliko ya tabianchi, tunaombea mvua. Ni vema tusiache. Lakini mtaro ulioziba uko mbele ya nyumba ya nani? Ile korongo inayochimbika kila masika kwa sababu juu hakuna kilichobaki cha kushika udongo, iko mbele ya nyumba ya nani? Sisi tunapenda ukuta wa mbali. Ukuta wa mbali haukuulizi Jumatano jioni mbona hukuja.

Na kuna mstari wa 5, ule unaonisuta zaidi. Watekoa, watu wa mji wa Tekoa, walijenga, lakini wakuu wao “hawakutia shingo zao” kazini. Mikono hata haikutajwa, imetajwa shingo. Ni ng’ombe asiyetaka nira. Yeye nguvu anazo, ila hataki kuinama. Maelfu ya miaka yamepita, na kinachokumbukwa kuhusu mabwana wale wa Tekoa ni hicho tu, majina yao hayakuandikwa.

Sasa wawekeni hao pembeni ya Malkiya wa mstari wa 14. Huyu naye alikuwa mkubwa, mkuu wa mtaa wa Beth-hakeremu, jina ambalo maana yake ni nyumba ya shamba la mizabibu. Mtu wa mashamba ya zabibu. Mnajua alijenga lango gani? Lango la Jaa. Lango ambalo uchafu wa mji wote ulipitia kwenda kutupwa. Kulikuwa na Lango la Kondoo, ambalo kuhani mkuu na ndugu zake walilijenga wakaliweka wakfu. Kulikuwa na Lango la Chemchemi, jina zuri lenye maji ndani yake. Malkiya akachukua la jaa. Akalijenga, akatia milango yake, vitasa vyake na makomeo yake, maneno yale yale yaliyotumika kwa malango mengine. Mungu hakuandika lango lile kwa mkato.

Natafuta akina Malkiya kati yetu. Natafuta daktari, mwalimu, mzee wa kanisa, mwenye duka, mwenye suti, atakayesema: jaa langu. Mimi nitashughulika na taka. Mji hauchafuki kwa kukosa watu wa kuhubiri usafi. Mabaki ya jikoni na majani yakichanganywa na plastiki, yote yanakuwa taka. Yakitenganishwa, karibu yote yale yanayooza yanarudi kuwa mboji, na mboji inarudi kwenye ile bustani tunayoililia. Yakizikwa chini ya lundo la jaa pasipo hewa, yanatoa methani, gesi inayopasha dunia joto kuliko hii hewa ya ukaa tunayoisikia kila siku. Kwa hiyo ndoo mbili jikoni badala ya moja si jambo dogo la akina mama. Ni Lango la Jaa.

Na hapa niruhusuni niseme kwa ukali kidogo, maana najisemea na mimi. Tukimaliza kongamano letu, Jumatatu asubuhi nyuma ya ukumbi kunafuka moshi. Ni chupa zetu, ni sahani zetu za kutupa, ni mabango yetu yenye mistari ya Biblia. Tunachoma plastiki, na moshi wake wenye sumu unaingia madirishani kwa majirani ambao Jumapili tuliwaalika waje kwa Yesu. Kisha tunashangaa hawaji. Ufunuo 11:18 inasema wakati unakuja wa kuwaharibu hao waiharibuo nchi. Mstari huo tumezoea kuwaelekezea wenye viwanda. Mimi Jumatatu hiyo nilikuwa na kiberiti.

Ndugu mmoja ameniambia, “Lakini mtumishi, hii dunia si itateketea tu? Petro amesema.” Amesema. Na mwili wako nao utarudi mavumbini, mbona umeoga leo? Warumi 8 inasema viumbe vyote vinaugua pamoja vikingoja. Mgonjwa anayengoja hatupwi nje eti kwa kuwa uponyaji uko njiani. Na nchi na vyote viijazavyo ni mali ya Bwana. Mpangaji haruhusiwi kubomoa ukuta kwa sababu amesikia mwenye nyumba atajenga upya.

Basi Alhamisi nikaenda kwenye kikao cha kikundi cha mazingira cha mtaani kwetu. Mara ya kwanza, na nimeishi hapa miaka mingi. Nawashuhudia nilichokwenda nacho moyoni: nilidhani watafurahi kuniona, wataniomba nifungue kwa sala, labda niseme neno. Hakuna aliyeonyesha kunijua. Dakika 40 za mwanzo zikaishia kwenye suala la nani akae na ufunguo wa stoo ya toroli, kwa sababu aliyekuwa nao amehama. Nilikaa kwenye benchi la nyuma nikiwaza kwamba muda wangu unapotea. Ndipo nikakumbuka shingo.

Mwishoni wakagawa kazi za Jumamosi. Vijana watachimba, akina mama wa kitalu watatoa miche. Mimi nikauliza, je, mimi? Mwenyekiti, kijana wa umri wa mwanangu, akanitazama, akatazama karatasi yake, akasema, “Mzee, wewe utakusanya viriba vitupu, visibaki chini vikapeperuka.” Yule mama alikuwa amekaa mbele. Hakugeuka, lakini mabega yake niliyaona yakicheka.

Wakati mwingine tunangoja kazi kubwa ya kijani kutoka kwa wakubwa, au tunataka tuanzishe yetu yenye nembo ya kanisa letu. Haya madogo yana historia yake. Tarehe 5 Juni 1977, Wangari Maathai na wenzake walipanda miti 7 tu pale Kamukunji, Nairobi. Ndio mwanzo wa Green Belt Movement, harakati yake ya kupanda miti, na alipopewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004 ilikuwa imeshapita miti milioni 30. Lakini kilichonigusa mimi si hizo milioni. Ni kwamba wale akina mama wa vijijini walikuwa wakipewa kifuta jasho kidogo kwa kila mche, na walikipata pale tu mche uliposhika. Kwa kupanda peke yake, hakuna kitu. Kwa hesabu hiyo mimi na picha yangu tusingepata hata senti.

Kaskazini mwa Ethiopia nako, mahali ambapo misitu ya asili imekwisha karibu yote, vipande vilivyobaki vingi viko wapi? Vimezunguka makanisa ya Orthodoksi. Ukitazama kutoka juu unaona mashamba makavu ya rangi ya udongo, na katikati doa la kijani, na ndani ya doa paa la kanisa. Watu wale kwa vizazi waliona msitu ni vazi la nyumba ya Mungu. Ng’ombe walipozidi kula miche michanga, mapadri na waumini wakaokota mawe mashambani mwao wakajenga kuta kuuzunguka msitu. Shamba likapungua mawe, msitu ukapata ukuta. Nehemia angefurahi. Sisi kiwanja cha kanisa letu tulikimwagia zege chote ili magari yasikanyage tope. Nilikuwa kwenye kamati iliyopitisha.

Siwatumi mkafanye mambo kumi. Yeremia aliwaandikia watu waliokuwa ugenini, waliokuwa na kila sababu ya kusema hapa si kwetu, akawaambia wapande bustani na wautakie mji ule amani, kwa maana katika amani yake nao watapata amani. Kila mtaa una watu wachache ambao tayari wameanza. Huenda si wa dhehebu lako. Huenda hawana dini. Watafute, ukae benchi la nyuma, upewe utakachopewa.

Jumamosi hii tunakutana saa moja asubuhi. Atakayekuja aje na wembe au kisu kidogo: kiriba unakichana pembeni kuanzia juu hadi chini, unakivua taratibu udongo usivunjike, mizizi iliyojizungusha chini unaikata kidogo ili ipate kwenda mbele. Kisha kiriba kitupu mnaniletea mimi.

Yule mtunza shamba wa Luka 13 aliuombea mti mbele ya bwana wake: uuache mwaka huu nao, hata niupalilie, niutilie samadi. Nami jana niliomba mwaka. Nilikwenda kwa yule mama kumwomba mche mwingine, nirudishie pengo langu. Hakunikatalia. Aliniambia nichimbe shimo kwanza, alione, ndipo anipe. Nikachimba jioni, jasho likanitoka, nikamwita. Akaja na ndoo yake, akapiga magoti, akaingiza mkono shimoni mpaka kwenye kiwiko, akaupapasa udongo wa chini.

“Bado,” akasema.