Chuma kimeingia Mbeya

Siku ya nne leo na kila nikifungua laptop niandike naishia kunyanyuka niende nje kuliangalia gari, kwa hiyo nimeamua kutoka na laptop yenyewe, nimekaa hapa kwenye ngazi, gari liko mbele yangu na naandika huku naliona. Subaru Impreza WRX STI ya 2006. Buluu, rimu za dhahabu, gia sita za mkono, breki za Brembo, na kwenye kadi kuna jina langu, sio la benki wala la shemeji, langu mimi.

Hili gari nalitaka tangu nina miaka nane. Mjomba wangu alikua anapeleka mizigo Nairobi, mwisho wa mwaka 1997 akaja nyumbani na kalenda ya picha za Safari Rally, yale mashindano ya magari ya Kenya, ile ya mwaka ule ambayo dereva Colin McRae alishinda na Impreza, na ukurasa mmoja ulikua na hilo gari la buluu lenye maandishi ya njano linatoka kwenye dimbwi, maji yamefunguka pande zote mbili, kando ya kioo limefungiwa bomba refu la kuvutia hewa ili injini isinywe maji. Kwetu Isyonje miaka ile yaliyokua yanapita barabarani ni Land Rover chakavu na malori ya viazi, sasa mtoto ukioneshwa kitu kama kile unafanyaje? Mwaka 1998 ukaisha na kalenda haikutoka ukutani. Mwaka 2000 Richard Burns akashinda tena Safari na Impreza, hiyo niliisikia kwenye redio ya baba nikakimbia mpaka shambani kumwambia mama, mama hakujua nazungumzia nini ila alifurahi kwa sababu mimi nimefurahi. Wote wawili wameshatangulia, Burns 2005, McRae 2007. McRae alivyokufa na helikopta nilikua kidato cha nne na nilikosa raha wiki nzima kwa ajili ya mtu ambaye sijawahi hata kumwona.

Baada ya shule maisha yakanipeleka kwenye viazi. Nimeanza kama tandiboi kwenye Fuso ya watu, Isyonje kwenda Dar, magunia mpaka juu, lumbesa za enzi zile ambazo gunia moja linabebwa na watu wawili na bado wanayumba. Ile barabara naijua kwa miguu yangu. Kitonga, ule mlima wa kona kali kule Iringa, nimeipanda mara sijui ngapi, gari limejaa, gia ya kwanza, mwendo ambao mtu mzima akitembea anakuacha, na mimi nimeshuka natembea pembeni na jiwe mkononi tayari kuliweka nyuma ya tairi gari likigoma. Usiku, mvua, harufu ya klachi inaungua. Na kila safari kulikua na gari dogo moja linatupita linapotea kwenye kona, nami nabaki na jiwe langu najiambia iko siku. Nikawa dereva, nikanunua Fuso yangu, bado nikawa naipanda Kitonga kwa mwendo ule ule.

Pesa nilianza kuiweka pembeni 2014. Mwaka 2019 injini ya Fuso ikanoki, akiba yote ikaenda kwenye injini, nikaanza upya. Sitaki kukaa sana hapo, aliyewahi kufanya biashara ya gari moja anajua inavyokua.

Watu wengi, na wengine ni watu nawaheshimu kabisa, waliniambia kwa hela hiyo chukua Harrier, chukua Crown, utakaa vizuri na utauza muda wowote ukikwama. Ushauri mzuri, ila mimi sikua natafuta gari, nilikua natafuta hili. Na kuna sababu ambayo nikiwaelezea watu wa Dar hawanielewi ila mtu wa huku juu atanielewa. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na ukipanda kwetu Isyonje unazidi hapo. Hewa ni nyepesi. Injini ya kawaida inavuta hewa inayoikuta, hewa ikiwa nyepesi na moto unakua mdogo, hapa mjini tu inapoteza kama asilimia 15 ya nguvu yake, ndo maana gari lililokua linaenda vizuri Kibaha likifika huku kwetu linaanza kuhema kwenye vilima. Turbo inachukua moshi unaotoka inazungushia feni, ile feni inasukuma hewa ndani ya silinda kwa nguvu, yaani hewa yetu nyepesi inakandamizwa mpaka inakua nzito tena. Kwa hiyo nguvu inabaki, sio yote lakini karibu yote. Hii yangu ni lita mbili tu na kiwandani Japani waliiandikia farasi 280. Ongeza hapo pistoni zimelala, zinapigana kulia na kushoto badala ya kusimama, uzito wa injini unakua chini, na matairi yote manne yanavuta, alafu fikiria barabara ya Tukuyu siku ya mvua, lami inang'aa na ukungu umekaa juu ya chai. Mi naona kabisa hawa jamaa walitengeneza gari la milima yetu bila kujua.

Na lile tundu juu ya boneti sio urembo jamani, naulizwa sana. Chini yake kuna interkula imekaa juu ya injini, ile hewa turbo ikiikandamiza inapata joto, sasa interkula inaipoza kabla haijaingia, na lile tundu ndo linailetea upepo gari likitembea. Likisimama joto lote linatokea hapo hapo juu.

Basi mwezi wa tatu mwaka huu jamaa yangu wa Dar akanipigia, kuna mzee mmoja huku Tabata anauza STI yake, nenda kabla vijana hawajaiona. Nilienda na basi la usiku. Mzee ana daftari la sevisi kaandika kwa mkono, kila oili, kila plagi, mkanda wa taimingi umebadilishwa lini na kwa kilomita ngapi. Nilienda na fundi wa Subaru akapima kompresheni silinda zote nne, zikakaribiana vizuri, akachungulia chini akatoka anafuta mikono haongei kitu, nikajua hapo hapo. Japani hizi gari zimepangiwa petroli ya oktani ya juu ambayo kwenye pampu zetu hatuipati, mzee alishalijua hilo, alikua ameshairekebisha ECU, ile kompyuta ya injini, ikubaliane na mafuta ya hapa, na karatasi za kazi hiyo anazo. Bei sikuomba apunguze sana. Nilimwomba tu anipe miezi mitatu nimalizie kuvuna na kuuza, nikaacha malipo ya kwanza, tukaandikishana, na yule mzee alinisubiri kama alivyosema, wakati najua kabisa kuna watu walimfuata na hela mkononi. Wiki iliyopita tukamaliza mambo ya kadi TRA, akanipa funguo mbili na lile daftari. Akaomba aliwashe mara ya mwisho. Nikasogea pembeni kabisa nikamwacha nalo.

Nimetoka Dar saa kumi alfajiri ili nipite Chalinze kabla hapajachangamka. Kwenye kila kibao cha hamsini nilienda hamsini, Mikumi nikaenda sabini yao, tembo wanne walikua karibu kabisa na barabara na sikua na haraka yoyote, nilikua nataka hii safari isiishe. Unakaa chini sana, tairi la lori liko usawa wa macho yako, mimi ambaye miaka yote nimeiona ile barabara kutokea juu ya Fuso nikawa naona vitu vipya, mitaro, mawe, miguu ya watu vituoni. Mbele ya Mikumi trafiki mwenye tochi akanisimamisha, akaangalia leseni na bima, alafu akasema fungua boneti. Nikafungua. Akaangalia kimya muda mrefu.

"Hii ndo yenyewe?"

"Ndo yenyewe afande."

Akafunga boneti taratibu kwa mikono miwili, akanirudishia leseni.

Ruaha Mbuyuni nikachukua vitunguu, kwa sababu mtu wa Mbeya hapiti pale mikono mitupu, nikajaza buti kiasi. Na hapo moyo ukaanza kwenda mbio maana baada ya mibuyu ni Kitonga.

Nilikua nimeshaipanga ile kona kwa kona kichwani, miaka kumi na zaidi, nitaingia na gia ya ngapi, nitaachia wapi. Kona ya kwanza nikaingia na gia ya tatu, nikakanyaga, turbo ikaamka, ule mvumo wa hewa ukaja kutoka mbele, gari likapanda kama vile kilima hakipo. Sijui nieleze vipi. Mkono ulikua unatetemeka juu ya gia. Kona mbili hivi, labda tatu, alafu mbele yangu lori la viazi, turubai la kijani, limepakia, linatambaa. Mstari wa kati umenyooka hauruhusu kuovateki na kona imefunga, huoni kinachoshuka. Nikarudisha gia ya kwanza nikakaa nyuma yake.

Pembeni ya lile lori alikua anatembea kijana na jiwe mkononi.

Nikashusha vioo vyote. Ile harufu ya klachi ikaingia ndani, ile ile. Kijana akageuka akaliona gari, akaanza kutembea kinyumenyume analiangalia na jiwe lake, akasahau kabisa lori. Nikamwonesha dole, akanionesha dole na mkono ule wenye jiwe. Tulipanda hivyo sehemu kubwa ya Kitonga, mwendo wa mtu anayetembea, farasi 280 nyuma ya magunia ya viazi, na nakwambia ukweli sijawahi kuwa na furaha kama ile maishani mwangu. Nililia. Dereva alipopata upana akaniwashia indiketa nipite, nikapiga honi mara mbili, nikapita.

Ilula nyanya, ndoo moja. Baada ya Mafinga nikafungua kioo kidogo nipate ile baridi yenye harufu ya mipaini, Makambako upepo unasukuma gari kwa ubavu kama kawaida yake, Igawa nikaweka mafuta, Uyole nikaingia saa moja na nusu usiku, foleni, vumbi la ujenzi wa njia nne, malori ya Zambia, bodaboda kila upande, na mimi katikati yake nimetulia.

Asubuhi vijana wa mtaa walishajaa getini. Swali lao la kwanza, kaka mbona hailii kama Subaru? Ni swali zuri na nililipenda. Ile ngurumo ya kukatakata watu wanayoijua inatokana na mabomba ya ekzosi yasiyolingana urefu yanayotoka kwenye injini, moshi wa silinda za upande mmoja unachelewa kidogo. STI za Japani za kuanzia 2002 hivi mabomba yamelinganishwa ili turbo iamke mapema, kwa hiyo sauti yake imenyooka zaidi, inakua kama mtu anayeimba nota moja. Wengine wanabadilisha warudishe ngurumo. Mimi sigusi. Hii ndo sauti iliyotoka nayo kwao, na ukiizoea huitaki nyingine.

Jumapili nikapanda nalo Isyonje. Mwezi wa sita huu, mnajua baridi yake, asubuhi majani ya viazi yanakua meupe kwa jalidi. Kutoka Uyole barabara inapanda inajikunja, sikukimbia, nilikua naisikiliza tu injini inavyovuta ile hewa ya juu bila kulalamika. Nimefika nikaliacha linaunguruma dakika mbili kabla ya kuzima ili turbo ipoe, mama akatoka ndani na khanga mbili mabegani na blanketi juu yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, umefika." Akalizunguka gari lote, taratibu, mkono unapita juu ya rangi. Nikaanza kumtolea vitunguu na nyanya, hakuviangalia. Akasimama mbele.

"Ndo lile la ukutani?"

Sikuweza kujibu, niliitikia kwa kichwa. Mama hajawahi kulitaja lile gari tangu kalenda ile ilipooza na moshi wa jikoni, nilijua ameshasahau. Akasema ndaga, ndaga fijo, yaani asante, asante sana, sio kwangu, alikua anaangalia juu. Alafu akasogea karibu na boneti, akahisi joto linatoka kwenye lile tundu, akanyoosha mikono yake yote miwili juu yake kama anavyofanya jikoni, akatulia pale, macho amefumba.

"Linatoa moto mzuri," akasema, akamwita mama mdogo aje naye aote.